Haki au Hisani: Madai ya Wafanyakazi katika Ilani ya Erfurt ya 1891

Mazungumzo haya yanachunguza ilani iliyopitishwa na wasoshalisti wa Ujerumani katika mji wa Erfurt mwezi Oktoba 1891, ambayo iliandika madai ya kazi na ya ustawi wa jamii kwa lugha ya sheria, ikataja saa zinazohesabika, umri unaojulikana na msimamizi anayeweza kuulizwa, wala haikuridhika na ahadi ya jumla ya kumwinua mnyonge. Chama chenyewe ni Chama cha Demokrasia ya Kijamii, kinachojulikana hadi leo kwa herufi SPD, na ilani hiyo ilikiongoza kwa miaka 30, hadi mkutano wa Görlitz wa 1921 ulipopitisha nyingine. Ilani, kwa maana inayotumika hapa, ni tamko la msingi linaloeleza jinsi chama kinavyoiona jamii na sheria kinazotaka zitungwe, nayo ni tofauti na orodha ya ahadi inayotayarishwa kwa uchaguzi mmoja kisha ikasahauliwa. Uzito wake mkubwa unatokana na jibu lake kwa swali ambalo watetezi wengi wa wanyonge hulipita haraka, yaani swali la nani ashike daftari la michango na funguo za sanduku pale serikali inapokubali kumsaidia mfanyakazi. Kwani msaada ambao anayepewa hana kauli juu yake, hata uwe mnono kiasi gani, hubaki kuwa hisani, na aliyeutoa aweza kuuondoa siku yoyote apendayo.

Mazingira yaliyoizaa ilani hiyo hayaeleweki bila kutazama mikono miwili ya Otto von Bismarck, Kansela aliyeiunganisha Ujerumani kuwa dola moja. Kwa mkono wa kwanza, mwezi Oktoba 1878, alilifanya Bunge la nchi hiyo, yaani Reichstag, lipitishe sheria ya kuwapiga marufuku wasoshalisti, ambayo ilivunja jumuiya zao, ikatawanya mikutano yao, ikafunga magazeti yao na kuwafukuza wengi wao katika miji waliyoishi, ingawa mtu mmoja mmoja aliruhusiwa bado kugombea ubunge, na kwa tundu hilo dogo August Bebel, fundi wa kukereza mbao, na Wilhelm Liebknecht, mwandishi wa habari, waliendelea kuingia bungeni na kusema yale ambayo nje ya ukumbi huo yangewapeleka gerezani. Kwa mkono wa pili, baada ya tangazo la Kaizari Wilhelm wa Kwanza la tarehe 17 Novemba 1881, Bismarck alileta sheria tatu za bima ambazo hazikuwa na mfano wake katika nchi nyingine: bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884, na bima ya ulemavu na uzee mwaka 1889. Bismarck hakuficha nia yake, kwani aliona kwamba mtu anayesubiri pensheni kutoka serikalini hana hamu ya kuipindua serikali hiyo, na kwa hiyo alitarajia kwamba marufuku ingewatisha viongozi na bima ingewavuta wafuasi.

Hesabu yake ilikwenda kombo. Katika uchaguzi wa Februari 1890 wasoshalisti walipata kura zaidi ya 1,400,000, karibu moja katika kila kura tano, ambazo zilikuwa nyingi kuliko za chama kingine chochote, ijapokuwa mipaka ya majimbo, iliyochorwa zamani kabla watu hawajamiminika mijini, iliwapatia viti 35 tu kati ya 397. Mwezi uliofuata Bismarck aliondoka madarakani, na tarehe 30 Septemba 1890 sheria ya marufuku ikafikia mwisho wake bila kuongezwa muda. Chama kilichotoka mafichoni kilihitaji tamko jipya, kwa kuwa lile la zamani, lililoandikwa mjini Gotha mwaka 1875 ili kuunganisha makundi mawili yaliyokuwa yakivutana, lilikuwa limekosolewa vikali na Karl Marx, na ukosoaji huo Friedrich Engels aliuchapisha mapema mwaka huo huo wa 1891, kwa makusudi kabisa, ili wajumbe wa Erfurt wasirudie makosa yale yale.

Ilani iliyotokea ina sehemu mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti, na tofauti hiyo inaonekana. Sehemu ya kwanza, ya Karl Kautsky, ni ya nadharia, nayo inaeleza jinsi ubepari, yaani mfumo ambamo viwanda, ardhi na mitambo ni mali ya wachache na walio wengi huishi kwa kuuza nguvu zao, unavyowameza wazalishaji wadogo na kuzidisha uadui kati ya matabaka, hadi njia kuu za uchumi zitakapokuwa mali ya jamii nzima. Sehemu ya pili, ya Eduard Bernstein, haingoji siku hiyo. Inadai mambo ambayo bunge la mabepari wenyewe lingeweza kuyapitisha kesho yake asubuhi, yakiwa madai 10 ya jumla kuhusu siasa na ustawi wa jamii, na madai 5 yanayohusu ulinzi wa wafanyakazi peke yao. Wanahistoria wengi wamebishana kama sehemu hizo mbili zinapatana, na ubishi huo una msingi, kwa maana miaka michache baadaye Bernstein mwenyewe alianza kuandika kwamba utabiri wa sehemu ya kwanza hautimii; lakini kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyesimama kwenye mashine tangu alfajiri, sehemu ya pili ndiyo iliyogusa maisha yake, na ndiyo inayostahili kusomwa neno kwa neno.

Dai la kwanza la ulinzi wa wafanyakazi liliweka kikomo cha siku ya kazi kuwa saa 8. Dai hilo lilikuwa limeshapazwa na mkutano wa kimataifa wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889, ambao ndio ulioitisha maandamano ya Mei Mosi ya kwanza mwaka 1890, na umuhimu wake unaonekana ukilinganishwa na sheria ya ulinzi wa kazi ambayo serikali ya Ujerumani yenyewe iliipitisha katikati ya 1891, miezi michache kabla ya mkutano wa Erfurt: sheria hiyo iliweka kikomo cha saa 11 kwa wanawake na saa 10 kwa vijana wasiotimiza miaka 16, lakini kwa mwanamume mtu mzima haikuweka kikomo chochote cha jumla, kwa hoja kwamba yeye ni mtu huru anayeweza kujadiliana na mwajiri wake. Ilani iliikataa hoja hiyo moja kwa moja. Mtu asiye na akiba ya wiki moja hajadiliani na mwenye kiwanda kwa usawa, na sheria isipoingilia kati, uhuru wa mkataba huwa ni uhuru wa upande mmoja.

Ndani ya dai hilo hilo la kwanza ilani ilitaka pia kupigwa marufuku ajira ya watoto walio chini ya miaka 14, wakati sheria ya serikali iliishia kwenye miaka 13 na viwandani tu, ikiwaacha watoto waliofanya kazi majumbani na mashambani; ikadai kuondolewa kwa kazi ya usiku isipokuwa pale ambapo ufundi wenyewe au faida ya umma inailazimisha; na ikadai mapumziko ya saa 36 mfululizo kila wiki kwa kila mfanyakazi. Idadi hii ya 36 yafaa kutazamwa kwa makini. Anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni ya Jumamosi na kurudi saa kumi na mbili alfajiri ya Jumatatu amepumzika saa 36 kamili, yaani amelala usiku wa kwanza, amekuwa na mchana mzima wa Jumapili pamoja na watoto wake, na amelala tena usiku wa pili kabla ya kuikabili mashine. Ilhali akipewa saa 24 peke yake, mwajiri anaweza kumwita Jumapili hiyo hiyo magharibi aanze zamu, na sheria isione kosa. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14, imebaki kwenye mapumziko ya saa 24, kwa hiyo katika jambo hili moja madai ya mafundi na washonaji wa karne ya 19 yangali mbele ya sheria ya karne ya 21.

Kipengele kingine cha dai hilo la kwanza kilihusu kulipwa ujira kwa bidhaa. Utaratibu huo ulikuwa wa mwajiri kufungua duka lake na kumlipa mfanyakazi kwa unga, sabuni, pombe au hati zinazopokewa katika duka hilo tu, kwa bei anayoipanga yeye mwenyewe, hivyo kwamba kile alichokitoa kwa mkono wa kulia kilirudi kwake kwa mkono wa kushoto pamoja na faida, na mfanyakazi akawa na deni lisilokwisha ambalo lilimfunga kazini kuliko mkataba wowote. Ilani ilitaka utaratibu huo ukomeshwe kabisa. Kisha, katika dai la pili, kwa kutambua kwamba sheria isiyokaguliwa ni karatasi, ilitaka iundwe idara ya kazi ya taifa, ofisi za kazi za wilaya na mabaraza ya kazi, ili kila mahali pa kazi, mjini na shambani, pakaguliwe, na afya ya wafanyakazi viwandani isimamiwe na wenye ujuzi.

Kati ya madai hayo matano, la tatu ndilo lililosahauliwa na wasomaji wengi, nalo huenda ndilo lenye ujasiri mkubwa kuliko yote. Lilidai kwamba vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani wawe sawa kisheria na wafanyakazi wa viwandani, na kwamba kanuni za utumishi zifutwe. Kanuni za utumishi zilikuwa sheria maalumu zilizomweka mtumishi chini ya mamlaka ya bwana wa nyumba kama vile mtoto alivyo chini ya baba. Ile ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote, ilikuwa ya mwaka 1810, na chini yake bwana alivumiliwa akimpiga mtumishi wake mradi asimdhuru sana, mtumishi aliyetoroka aliweza kurudishwa na polisi, na baadaye kila mtumishi alipaswa kubeba kijitabu ambamo mabwana waliopita waliandika tabia yake. Sheria nyingine ya Prussia, ya mwaka 1854, iliwatishia kifungo watumishi na vibarua wa mashambani waliokubaliana kuacha kazi kwa pamoja. Mfanyakazi wa kiwandani, pamoja na shida zake zote, alikuwa na ruhusa ya kugoma tangu 1869. Msichana aliyempikia tajiri yuleyule mwenye kiwanda hakuwa nayo. Chama ambacho nguvu yake ilikuwa viwandani kingeweza kuwaacha watu hawa, ambao hawakuwa na umoja wala, kwa kuwa wengi wao walikuwa wanawake, hawakuwa na kura, lakini kiliwaandika katika ilani kwa majina ya kazi zao.

Kanuni hizo zilifutwa kwa tamko moja la serikali ya mapinduzi tarehe 12 Novemba 1918, yaani miaka 27 baada ya Erfurt. Ulimwengu kwa jumla ulichelewa zaidi, kwani mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaowahusu wafanyakazi wa majumbani, ule wa namba 189, ulipitishwa mwaka 2011, na hadi sasa msaidizi wa kazi za nyumbani katika miji ya Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi huitwa dada hata na wale wanaomnyima siku ya mapumziko, yumo ndani ya nyumba ambamo mkaguzi wa kazi ni nadra kupiga hodi.

Dai la tano linahusu bima, na hapa panahitajika maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndipo palipo na mzizi wa hoja nzima. Wabunge wa SPD walizipigia kura ya hapana sheria za bima za Bismarck, na wapinzani wao hawakuacha kuwasuta kwa miaka mingi kwamba chama cha wafanyakazi kilikataa pensheni za wafanyakazi. Shutuma hiyo inaonekana nzito hadi mtu anapozitazama sheria zenyewe. Bima ya uzee ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1891, na umri wa kuipata ulikuwa miaka 70, ambao wachimba migodi na wafumaji wengi hawakuufikia, na haukushushwa hadi 65 mpaka mwaka 1916. Bima ya ajali iligharamiwa na waajiri peke yao, jambo ambalo kwa juujuu lilimfaa mfanyakazi, lakini kwa kuwa fedha zilikuwa zao, jumuiya za waajiri ndizo pia zilizoamua ajali ipi ilipwe na kiasi gani, kwa hiyo aliyekatwa mkono na mashine alipeleka madai yake kwa wenzake yule mwenye mashine.

Bima ya ugonjwa ilikuwa na sura nyingine, na huenda Bismarck hakuona mapema ingemfikisha wapi. Katika mifuko ya ugonjwa ya kila mji, mfanyakazi alichanga theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, na mgonjwa alilipwa nusu ya ujira kwa wiki zisizozidi 13, pamoja na daktari na dawa. Kwa kuwa viti katika halmashauri za mifuko hiyo viligawanywa kwa kadiri ya michango, wafanyakazi walichagua theluthi mbili ya wajumbe, na hapo ndipo wasoshalisti, ambao walikuwa wakifukuzwa kila ofisi ya umma, walipojikuta wakisimamia fedha, wakiajiri makarani, wakijadiliana na madaktari kuhusu ada, wakikagua nyumba za wagonjwa na kuandika ripoti za vyumba visivyo na madirisha wala vyoo. Seremala na mpiga chapa walijifunza uhasibu wa hadhara, si kwa kusomeshwa na mtu bali kwa kulazimika kuufanya. Ilani ya Erfurt iliposema kwamba bima yote ya wafanyakazi ichukuliwe na taifa, na kwamba wafanyakazi washiriki katika uendeshaji wake kwa namna yenye nguvu ya kuamua, ilikuwa inataka kile kilichoanza kuota katika mifuko ya ugonjwa kienee hadi kwenye bima ya ajali na ya uzee. Kauli hiyo ya nguvu ya kuamua ina uzito wake, kwa sababu mjumbe mmoja anayealikwa kikaoni ili aonekane kwenye picha hashiriki kwa maana iliyokusudiwa.

Madai ya ustawi wa jamii yaliyomo katika orodha ya kwanza yalifuata mwelekeo huo huo wa kumfanya mtu ahudumiwe kwa kuwa ni raia. Ilani ilitaka shule za umma ziwe za lazima na za bure, pamoja na vifaa vya kusomea na chakula cha wanafunzi. Ilitaka msaada wa kisheria uwe bure, maana haki inayouzwa mahakamani ni ya mwenye fedha. Ilitaka tiba iwe bure, pamoja na wakunga na dawa, na mazishi pia yawe bure. Kutajwa kwa mkunga na kaburi katika hati ya chama cha siasa si jambo la kupuuzwa, kwa maana familia ya kibarua ilikopa mara mbili ambapo haikuweza kungoja, mtoto anapozaliwa na mtu anapofariki, na mkopeshaji alilijua hilo. Ama gharama, ilani ilionyesha zitakakotoka: kodi ya mapato na mali inayopanda kadiri utajiri unavyopanda, kodi ya urithi, na kufutwa kwa kodi zote zisizo za moja kwa moja, yaani zile zinazofichwa ndani ya bei ya bidhaa. Ushuru wa nafaka kutoka nje, uliowekwa mwaka 1879 kwa kuwaridhisha wenye mashamba makubwa, ulikuwa umefika marki 5 kwa kila kilo 100 mwaka 1887, na kila mama aliyenunua mkate aliulipa bila kuuona. Kura kwa kila mtu aliyezidi miaka 20 bila kujali jinsia, ambayo ndiyo dai la kwanza kabisa la ilani, ilihusiana na hayo yote, kwani mama huyo aliyelipa ushuru hakuwa na sauti katika kuuweka.

Ilani hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa ambazo mtetezi wake mkweli hapaswi kuzifunika. Ya kwanza inamhusu mkulima mdogo. Kwa kuwa nadharia ya Kautsky ilisema kwamba mwenye shamba dogo atamezwa tu na mkubwa, ilani haikuwa na dai lolote lililotungwa kwa ajili yake, na Georg von Vollmar, aliyewajua wakulima wa Bavaria, alipopigania mpango wa kilimo, mkutano mkuu wa Breslau wa 1895 uliukataa. Mkulima aliyeambiwa kwamba historia imeshamhukumu hakuwa na sababu ya kukipigia kura chama hicho, na pengo hilo lilikigharimu SPD vijijini kwa miaka mingi.

Kasoro ya pili inawagusa wasikilizaji wa Kiswahili moja kwa moja. Tarehe 1 Januari 1891, siku ile ile ambayo bima ya uzee ilianza kutumika Ujerumani, dola hiyo ilichukua rasmi utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka mikononi mwa kampuni iliyoanzishwa na Carl Peters na wenzake. Ilani ya Erfurt ilisema kwamba chama kinapigania haki sawa za watu wote bila kujali jinsia wala asili, lakini katika madai yake 15 makoloni hayakutajwa hata mara moja. Miaka michache baada ya mafundi wa Erfurt kudai saa 8, kodi ya nyumba iliyoanza 1898 iliwasukuma watu wa Tanganyika kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi iliyowadai wafanye kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi 4. Na adhabu ya viboko 25, ambayo pwani iliitwa hamsa ishirini, ilitolewa kwa uvivu na kwa utoro. Pamba iliyolimwa kwa shuruti katika nchi ya Wamatumbi ndiyo iliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kijitabu cha mtumishi wa Prussia na kadi ya kazi ya Usambara vilitumikia shabaha moja, na chama kilichokipinga kile cha kwanza kwa kifungu maalumu hakikuwa na kifungu dhidi ya kile cha pili.

Haki inadai isemwe pia kwamba bungeni wasoshalisti hawakunyamaza. Mwezi Machi 1896 Bebel alisimama katika Reichstag kuyaanika mauaji yaliyofanywa na Carl Peters huko Kilimanjaro, na Peters akafukuzwa katika utumishi wa serikali mwaka uliofuata. Na chama kilipokataa kuidhinisha fedha za vita vya makoloni, kilipigwa vita katika uchaguzi wa 1907 hadi viti vyake vikashuka kutoka 81 hadi 43. Hata hivyo, mwaka huo huo, katika mkutano wa kimataifa wa Stuttgart, Bernstein na wenzake walitetea kuwepo kwa siasa ya makoloni yenye sura ya kisoshalisti, na wakashindwa kwa kura 127 dhidi ya 108 tu, Kautsky akiwa upande wa walioshinda. Pale ambapo ilani ilikuwa na kifungu chenye kipimo, wanachama walijua la kudai. Pale ilipokuwa na maneno mapana, walibishana wao kwa wao huku mwingine akichapwa.

Sehemu kubwa ya madai ya Erfurt ilitekelezwa kwa siku chache tu za Novemba 1918, baada ya Kaizari kuanguka. Tangazo la tarehe 12 lilileta kura kwa wanawake na wanaume waliotimiza miaka 20, uwakilishi wa uwiano, yaani viti kugawanywa kulingana na kura, na saa 8 za kazi kuanzia 1 Januari 1919. Siku tatu baadaye waajiri wakubwa walitia saini makubaliano na vyama vya wafanyakazi, wakavitambua kwa mara ya kwanza kuwa wasemaji halali. Mwaka 1923, katikati ya mfumuko wa bei uliowanyang'anya watu akiba zao, amri ya serikali ilifungua tena mlango wa saa 10, na waajiri wengi wakaupitia. Mwaka 1927 bima ya kukosa kazi iliongezwa, jambo ambalo ilani ya 1891 haikulifikiria, na mwezi Machi 1930 serikali ya Hermann Müller, Kansela wa SPD, ilianguka kwa mzozo wa sehemu ndogo ya asilimia katika michango ya bima hiyo. Wapo waliokicheka chama kilichoacha madaraka kwa tofauti ndogo namna hiyo. Lakini asiye na kazi katika majira ya baridi ya mwaka ule hakuiona kuwa ndogo, na waliotawala baada ya Müller walipunguza malipo yake mara kwa mara.

Yaliyotokea mwaka 1933 yanaonyesha tofauti kati ya haki na hisani kuliko maelezo yoyote. Tarehe 23 Machi wabunge 94 wa SPD ndio peke yao waliopiga kura dhidi ya sheria iliyompa Hitler mamlaka yote. Hitler aliifanya Mei Mosi kuwa sikukuu ya taifa yenye malipo, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wamelidai kwa zaidi ya miaka 40, na asubuhi iliyofuata, tarehe 2 Mei, askari wake walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi, wakachukua mali zao na kuwakamata viongozi wao. Tarehe 22 Juni SPD chenyewe kikapigwa marufuku. Bima haikufutwa. Michango iliendelea kukatwa, wagonjwa waliendelea kutibiwa na wazee waliendelea kupokea pensheni, lakini katika mifuko ya ugonjwa wajumbe na watumishi wasoshalisti na Wayahudi walifukuzwa, na kwa sheria ya Julai 1934 halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa na mahali pake akawekwa kiongozi mmoja wa kuteuliwa.

Baada ya vita, sheria ya 1951 ya Ujerumani Magharibi ilirudisha halmashauri hizo, na mwaka 1953 wanachama walizichagua tena. Viti vya wafanyakazi katika mifuko ya ugonjwa ya miji, ambavyo tangu 1883 vilikuwa theluthi mbili, viligawanywa safari hii nusu kwa nusu na waajiri, na vyama vya wafanyakazi vilivyopinga mgawanyo huo vilishindwa bungeni.